Mtoto Asiyesumbua

   Mwenye mtoto mchanga mapajani na amkumbatie vizuri, maana habari ya leo ni yake.

Siku chache zilizopita tulipokea barua kutoka kwa mama mmoja. Jina lake hatutalitaja, wala mji akaao, kwa kuwa mambo aliyoandika ni ya nyumbani mwake. Mama huyu ameajiriwa. Hutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa moja jioni. Mtoto wake wa kwanza ana miezi saba, naye humwachia msichana wa kazi, ambaye mwenyewe ni kijana mdogo asiyewahi kulea. Mtoto hushinda kitandani, chupa yake kando. Aandika hivi: "Majirani hunisifu. Wasema nimejaliwa mtoto mpole, halii, hasumbui mtu. Nami nilikuwa nikijivuna. Lakini siku hizi nikiingia mlangoni namwita, wala hanigeukii. Nimeanza kuogopa. Je, yawezekana mtoto akawa mpole kupita kiasi?"

Tulipoisoma barua hiyo tulinyamaza kitambo. Maana hata sisi tumewahi kumsifu mtoto kwa jambo hilo hilo. Ni mara ngapi tumeingia nyumbani kwa rafiki, tukamwona mtoto amelala kimya, tukasema, "Huyu ni mtoto mzuri, hana taabu"? Basi leo twataka kumjibu mama huyu. Na katika kumjibu, tujifunze sote jinsi Muumba anavyoujenga mwili na ubongo wa mtoto katika siku zake za kwanza, na sehemu ya kazi hiyo aliyotuachia sisi.

Tuanze mwanzo kabisa. Mimba ikiwa na siku 28 tu, mama wengi hawajajua bado kwamba wamebeba mtu. Walakini katika siku hizo chache tayari kumefanyika mfereji mdogo sana, ambao utakuwa ubongo na uti wa mgongo, nao umekwisha kujifunga. Usipojifunga sawasawa, mtoto huzaliwa na mgongo ulio wazi, au kasoro nyingine kubwa kuliko hiyo. Kinachosaidia mfereji huo ujifunge ni chakula kiitwacho asidi ya foliki, kipatikanacho katika mboga za majani mabichi, maharagwe na dengu, na katika vidonge vinavyotolewa kliniki. Kwa kuwa siku hizo hupita kabla mama hajaenda kliniki, sheria ya Kenya tangu mwaka wa 2012 yawataka wasagaji wa unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa katika pakiti kuutia asidi hiyo pamoja na madini ya chuma. Kadhalika chumvi yetu hutiwa iodini, kwa sababu mama mjamzito akiikosa sana, ubongo wa mtoto hudumaa tumboni, na hasara hiyo haiwezi kurudishwa baadaye. Tazameni basi! Ulezi waanza kabla ya jina kuchaguliwa. Waanzia katika sufuria ya ugali na kijiko cha chumvi.

Kisha mtoto huzaliwa. Kwa kawaida hupata kama kilo tatu, na urefu wa sentimita 50 hivi. Akilishwa vizuri, kilo hizo huongezeka maradufu anapofika miezi mitano, na kuwa mara tatu anapotimiza mwaka. Hakuna mwaka mwingine wote wa maisha yake ambao atakua kwa kasi namna hiyo. Ingekuwa twaendelea hivyo, nguo zetu hatungezivaa mara ya pili!

Tena tukiutazama mwili wa mtoto mchanga, twaona kichwa chake ni kikubwa. Kichwa peke yake ni robo ya urefu wake wote. Si ajabu, maana humo ndani mna kazi kubwa. Ubongo wa mtoto anapozaliwa ni kama robo ya ubongo wa mtu mzima. Akifika mwaka mmoja, umekua maradufu. Akifika miaka mitatu, umefikia kama sehemu nane katika kumi za ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Na akifika miaka mitano umefikia sehemu tisa katika kumi. Sisi husema, "Tutaanza kumfundisha atakapoingia shule." Lo! Atakapoingia shule, nyumba imekwisha kuezekwa. Kilichobaki ni kupaka rangi na kutia vyombo.

Ndiyo sababu mifupa ya kichwa cha mtoto haijaungana. Ule utosi laini mnaougusa kwa hofu, ambao hupwita-pwita kama moyo, si ugonjwa wala si jeraha. Ni nafasi iliyoachwa makusudi, kwanza ili kichwa kipite wakati wa kuzaliwa, tena ili ubongo upate mahali pa kukulia. Kwa watoto wengi hufunga mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Haufai kupakwa dawa wala kusukumwa kwa vidole. Bali mkiona umebonyea ndani, na mtoto anahara au anatapika, jueni ya kwamba maji yamempungukia mwilini. Na ukivimba na kutuna huku ana homa, msingoje asubuhi. Katika hali zote mbili, mpelekeni hospitali mara moja.

Sasa tuingie ndani zaidi. Chembe za ubongo wa mtoto ni nyingi mno, karibu zote anazo tangu kuzaliwa. Lakini chembe peke yake hazifanyi akili, kama vile nyumba nyingi zilizotapakaa mlimani hazifanyi kijiji. Kijiji ni njia. Ni watu kwendeana, kuazimana moto, kupelekeana habari. Vivyo hivyo chembe za ubongo hazina budi kuunganishwa, na wataalamu wamekadiria kwamba katika miaka ya kwanza ubongo wa mtoto hufanya viunganisho vipya zaidi ya milioni moja kwa kila sekunde. Tangu tuanze mazungumzo haya, hesabu yake haisemeki.

Je, ni nini kinachofungua njia hizo? Ni kutumiwa. Ninyi mlio mashambani mwajua jinsi njia ya miguu inavyofanyika. Mtu mmoja hukata nyasi akienda mtoni, kesho mwingine hupita hapo hapo, na kesho kutwa watoto wa shule. Baada ya mwezi majani hayaoti tena, imekuwa njia. Na ile isiyopitwa, nyasi huifunika. Ubongo wa mtoto hufanya vivyo hivyo. Kila aonapo uso ukimwangalia, kila asikiapo jina lake, kila ashikwapo na mkono anaoufahamu, mguu umepita katika njia fulani ndani ya kichwa chake. Njia zinazopitwa mara nyingi huwa barabara. Zile zisizopitwa hufutwa.

Twaweza kutoa mfano wa lugha. Mtoto wa miezi sita aweza kutofautisha sauti za lugha nyingi ulimwenguni, hata zile ambazo wazazi wake hawawezi kuzitofautisha. Lakini anapokaribia mwaka mmoja, masikio yake hutulia katika lugha anazozisikia nyumbani, na zile nyingine humpotea. Mtoto asikiaye Kiluo kwa baba, Kiluhya kwa mama na Kiswahili kwa jirani hachanganyikiwi, kama wengine wanavyodhani. Ubongo wake una nafasi ya hizo zote, mradi ziwe lugha za watu wanaosema naye.

Na mfano wa pili ni macho. Watoto wengine huzaliwa na ule ugonjwa tuuitao mtoto wa jicho, ambao huziba nuru. Mzee akipatwa nao na kufanyiwa upasuaji, huona tena. Lakini mtoto mchanga asipotibiwa mapema, jicho laweza kusafishwa baadaye likawa safi kabisa, na bado asione vizuri, kwa kuwa ubongo haukupata nuru wakati ulipokuwa ukijifunza kuona. Daktari wawili waliofanya kazi Marekani, David Hubel na Torsten Wiesel, walichunguza jambo hili kwa miaka mingi, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1981. Basi mama, ukiona weupe katika mboni ya mtoto wako, usiambiwe kwamba utaondoka wenyewe.

Haya yote yahitaji chakula. Mtu mzima hutumia kama sehemu moja katika tano ya nguvu za mwili wake kwa ajili ya ubongo. Mtoto mchanga hutumia nusu au zaidi. Mtoto anaponyonya, anaulisha mwili, lakini kabla ya hapo ubongo umekwisha kuchukua sehemu yake. Kwa hiyo madaktari wa Shirika la Afya Duniani washauri mtoto apewe ziwa katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa, anyonye yale maziwa ya kwanza ya manjano, ambayo wengine huyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu, kumbe ndiyo kinga yake. Kisha apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila maji, bila uji, bila dawa za miti. Akitimiza miezi sita, akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo imepungua, na maziwa peke yake hayatoshi. Hapo aongezewe vyakula vingine: maharagwe yaliyopondwa, yai, mboga, samaki aliyetolewa miiba, ini au nyama iliyosagwa, huku akiendelea kunyonya hata miaka miwili na kuzidi. Uji mweupe mwepesi, asubuhi na jioni, hujaza tumbo lakini haujengi. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 18 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko inavyopasa umri wao. Mwaka wa 2014 walikuwa 26. Twashukuru kwa hatua hiyo. Hata hivyo, 18 si wachache, kwa maana mwili uliodumaa kwa njaa mara nyingi huwa na ubongo ulionyimwa pia.

Sasa turudi kwa mama yetu na mtoto wake mpole.

Katika nchi ya Rumania, mtawala mmoja aitwaye Nicolae Ceaușescu aliamuru mwaka wa 1966 kwamba wanawake wasitoe mimba, ili taifa liwe na watu wengi. Wazazi wengi walishindwa kulea, na watoto wakapelekwa kwa maelfu katika nyumba za serikali. Utawala wake ulipoanguka mwaka wa 1989, wageni waliingia katika nyumba hizo. Wakakuta watoto wachanga wamelazwa safu kwa safu katika vitanda vya chuma, mlezi mmoja kwa watoto wengi. Wengine walikuwa na chupa ya maziwa iliyoegemezwa kando ya kinywa, pasipo mkono wa mtu. Na jambo lililowashtua wengi waliozitembelea ni kimya. Vyumba vilivyojaa watoto wachanga, na hakuna kilio.

Je, watoto hao walikuwa wapole? La, ndugu. Walikuwa wameacha kuita.

Sisi hapa twajua desturi ya hodi. Mgeni hufika mlangoni, husema, "Hodi!" Asipojibiwa, husema tena. Mara ya tatu akiona kimya, hugeuka na kwenda zake. Kilio cha mtoto ni hodi. Tabasamu lake la kwanza, anapofika majuma sita au manane, ni hodi. Mkono anaounyosha, sauti zake za "ba-ba-ba" na "ma-ma-ma", jicho linalokufuata unapovuka chumba, zote ni hodi. Nasi tunapomgeukia, tukamwinua, tukamjibu, tumesema, "Karibu." Katika hodi na karibu, mara nyingi kwa siku, ndimo ubongo wa mtoto hujengwa. Mtoto ambaye hodi zake hazijibiwi hatimaye hugeuka na kwenda zake, hali mwili wake ungali kitandani.

Mwaka wa 2000 wataalamu watatu wa Kimarekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza kuwafuatia watoto 136 wa nyumba hizo katika mji wa Bucharest. Nusu yao walitafutiwa jamaa za kuwalea. Baada ya miaka, ilionekana wazi kwamba wale waliopata mtu wa kuwaita wao walikuwa wameendelea zaidi katika akili, katika usemi na katika kupendana na watu. Na waliochukuliwa kabla ya kufikisha miaka miwili ndio waliopona zaidi. Sikieni vizuri neno hilo, waliopona. Mlango ulikuwa haujafungwa.

Labda mama aliyetuandikia sasa analia. Mama, usilie. Mtoto wako hayumo katika nyumba ya namna hiyo. Yeye ana mama aliyeona jambo ambalo majirani hawakuliona, akakaa usiku akaandika barua. Twakuambia mambo manne, nawe uyapime.

La kwanza, nenda kliniki, na uende mapema. Chukua kile kitabu cha afya ya mama na mtoto. Mwambie muuguzi, usione haya, "Mtoto wangu ana miezi saba na hageuki nikimwita." Mtoto wa umri huo yapasa ageukie sauti, acheke na watu, ashike vitu, na aketi kwa msaada kidogo au bila msaada. Huenda masikio yake yana shida, na shida ya masikio ikijulikana mapema yaweza kusaidiwa. Huenda damu yake ni pungufu, maana mtoto mwenye upungufu wa damu hulegea na kunyamaza. Usijihukumu kabla hajapimwa. Tena uliza nyumbani, kwa upole, kama mtoto hupewa dawa yoyote mchana. Twajua kuna walezi wanaowapa watoto dawa ya mafua ili walale, wakidhani ni jambo dogo. Si dogo. Dawa hiyo yaweza kumzuia mtoto kupumua.

La pili, mtazame yule msichana wa kazi. Yeye naye ni mtoto wa mtu. Umemwambia afue, apike, apige deki, asimwache mtoto alie. Naye ametii. Nyumba ni safi na mtoto halii. Lakini je, kuna aliyemwambia kwamba kusema na mtoto ni kazi, tena ndiyo kazi kubwa kuliko zote za siku hiyo? Mwambie leo. Mwambie, "Vyombo vikibaki, sitakukaripia. Mtoe kitandani, mtandikie mkeka karibu nawe, umwimbie unapofua, umwambie unachokipika." Na akifanya hivyo, mpe asante yake na mshahara wake kwa wakati, kwa kuwa mwenye uchungu moyoni hawezi kucheka na mtoto.

Katika kisiwa cha Jamaika, mjini Kingston, miaka ya 1986 na 1987, Daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi tisa hadi ishirini na minne. Wengine walitembelewa na wahudumu wa afya kila juma kwa miaka miwili, kama saa moja kila mara. Wahudumu hao hawakuwa maprofesa. Waliwaonyesha akina mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na watoto, kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vifaa vya nyumbani. Miaka ishirini baadaye walitafutwa tena. Wale waliochezewa walikuwa wakipata mshahara mkubwa kuliko wenzao ambao hawakuchezewa, kwa asilimia 25 hivi. Saa moja kwa juma! Na kifuniko cha sufuria hakiuzwi ghali.

La tatu, zile saa ulizo nazo, uwe nazo kweli. Mwaka wa 1954 na 1955 mwanamke mmoja mtaalamu, Mary Ainsworth, alikaa jirani zetu Uganda. Alizitembelea jamaa 26 za Waganda katika vijiji karibu na Kampala, akiwatazama mama na watoto wao. Mama hao walikuwa na mashamba ya kulima, wala hawakushinda wameketi. Ainsworth aliona kwamba watoto waliokuwa na utulivu wa kweli, wanaomwacha mama wakatambaa kwenda kutazama vitu kisha wakamrudia, mara nyingi walikuwa ni wa wale mama walioweza kusimulia habari za mtoto wao kwa kirefu: ameamkaje, amependa nini, ameogopa nini. Walimjua. Basi mama, ufikapo nyumbani saa moja, weka mkoba chini, na simu uiweke kando, umchukue mtoto kabla hujauliza habari za maziwa na za umeme. Mweke usoni pako. Mtoto mchanga huona vizuri zaidi kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka machoni pake, na huo ndio umbali kati ya ziwa na uso wa mama. Hata sasa, ingawa macho yake yamekomaa, uso wako ndio kitabu chake cha kwanza.

La nne, latuhusu sote. Hata kuketi na kutembea hufundishwa. Katika miaka ya 1970, mtaalamu mmoja, Charles Super, alichunguza watoto wa Wakipsigis mahali paitwapo Kokwet, hapa hapa Kenya. Alikuta kwamba waliketi na kutembea karibu mwezi mzima kabla ya watoto wa Marekani. Watu walikuwa wakisema kwamba mtoto wa Kiafrika huzaliwa hivyo. Lakini Super aliona kwamba katika kutambaa hawakuwatangulia wenzao. Kwa nini? Kwa sababu kutambaa hakukufundishwa. Kuketi kulifundishwa. Mama walichimba kishimo kidogo ardhini, wakamweka mtoto humo ili kimshike mgongo, naye akajifunza kukaa. Hawakuwa na kiti cha kununua. Walikuwa na ardhi, mikono na nia. Mambo hayo wazee wetu waliyajua, nasi tuliohamia mijini twakaribia kuyasahau.

Hapa twataka kuungama jambo. Sisi wenyewe tulipompata mtoto wetu wa kwanza, tulimlisha, tulimwogesha, na kumlaza. Kuzungumza naye tulikuwa twangoja aanze kusema. Kisha nyanya yake akaja kutoka mashambani. Siku ile ile alimchukua mtoto, akampakata, akaanza kumweleza habari za mvua, za ng'ombe aliyezaa, na za bei ya mbegu. Tulicheka. Tukamwambia, "Mama, huyo hasikii neno hata moja." Naye akatutazama akasema, "Na ninyi mlianza kusikia lini, kama si mimi niliyewaambia?" Hatukucheka tena.

Na ninyi akina baba, msituambie kwamba haya ni mambo ya wanawake. Sauti ya baba ni njia nyingine katika kijiji kile. Mtoto hajali kwamba huna hadithi. Msomee gazeti. Mwambie jinsi gari lilivyoharibika njiani. Tena mkichoka usiku na kilio kisichoisha, na hasira ikapanda, mlazeni mtoto mahali salama, mtoke nje mpumue. Msimtikise kamwe. Shingo yake haiwezi kukizuia kichwa, na ubongo huumia ndani pasipo jeraha la nje.

Wapenzi wasikilizaji, wakati wetu wakaribia kwisha. Sisi tulio Wakristo hukumbuka kila mwaka kwamba Bwana wetu alilazwa horini. Lakini ni mara chache tunapofikiri kwamba hakuja akiwa mtu mzima. Alikuja akiwa hawezi kushika shingo yake. Alihitaji ziwa, alihitaji kufunikwa, alihitaji msichana wa Nazareti na fundi seremala kumwitikia alipolia. Aliyeumba maneno alifundishwa maneno. Ikiwa Mungu hakuona aibu kupitia njia hiyo ndefu ya utoto, sisi ni nani hata tuione kuwa ni siku za kungojea tu, zisizo na maana?

Twasema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mara nyingi twaitumia methali hiyo tukimtazama kijana wa miaka kumi na mitano aliyetushinda. Ni neno la mapema zaidi ya hapo. Lamhusu yule asiye na meno bado.

Basi usiku wa leo, mtoto akilia katika nyumba yako, au katika chumba cha jirani, usiseme, "Mtoto huyu ana kelele." Sema moyoni, "Huyu bado anabisha." Kisha inuka umwitikie.

Nawe mama uliyetuandikia, twangoja barua yako ya pili. Tuambie kliniki walisema nini. Tuambie siku atakayogeuka umwitapo. Nasi tutakukumbuka katika maombi, wewe na mtoto wako na yule msichana mdogo anayekusaidia.

Mungu awabariki nyote, na nyumba zenu zisikose sauti za watoto.